Kodi ya Karatasi ya Chooni

Mama yangu aliacha kunywa maji, na mimi, ninayelipwa kuwanywesha maji wazee wa watu, ilinichukua karibu wiki tatu kugundua.

Kila asubuhi baada ya chai alikuwa akivaa baibui lake na raba zake nyeupe, anakwenda kutembea katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Auburn, ugenini. Anazunguka mara mbili, anakaa kwenye benchi, anaongea na kina mama wa Kituruki na wa Kiafghani kwa lugha ambayo sijui wameitoa wapi, kisha anarudi na habari za mtaa mzima. Daktari alisema matembezi hayo ndiyo dawa yake ya kwanza, vidonge vinafuata. Siku moja choo cha bustani kikatiwa kufuli. Mlangoni wakabandika karatasi: kimefungwa kwa matengenezo, tunaomba radhi kwa usumbufu. Hayo matengenezo hatukuyaona. Hakuja fundi, hakuja hata mtu wa kulikagua kufuli lenyewe.

Mama ana sukari, na mtu wa sukari hakai mbali na msala. Alikuwa akienda bustanini na chupa yake ya maji ya kutawaza mkobani, kama alivyozoea tangu Tanga. Choo kilipofungwa, akajiamulia mambo yake kimyakimya: asipokunywa kitu, haja haitamjia. Chai akawa anaimwaga kwenye sinki nikigeuka. Kizunguzungu kilipomwanza akaacha mzunguko wa pili, kisha wa kwanza, mwisho akawa mtu wa kukaa sebuleni anatazama uzio wa jirani. Nilipombana akanijibu, "Mwanangu, nijikojolee mbele za watu na uzee huu?" Nililia jikoni. Halafu nikakasirika, na hasira yangu mimi huwa haikai bure.

Mwanamke huyo anayeogopa kikombe cha chai ndiye aliyeuza nyanya na ndimu miaka na miaka kwenye soko la Tanga, nami nikiwa ubavuni mwake. Kila asubuhi mtoza ushuru alipita na kitabu chake cha stakabadhi, na kila asubuhi wanawake walilipa, huku choo cha soko kimejaa mpaka hakisogeleki. Siku moja mama akakalia sanduku lake la nyanya, akamwambia yule mtoza ushuru kwa adabu zote, "Baba, ushuru wako upo, nimeufunga hapa kwenye kanga. Nenda kwanza msalani mwetu. Ukitoka, nakulipa." Soko zima likageuka kumtazama. Yule bwana akaona haya kukataa, akaenda. Alitoka mbio, pua ameishika, macho yanamtoka machozi, na siku ile hakutoza mtu. Kina mama wote wakafunga ushuru kwenye kanga. Kabla ya juma kwisha, gari la kunyonya maji machafu lilikuwa limesimama sokoni na mafundi wanabadilisha milango.

Kwa hiyo mimi nilikuwa najua dawa. Niliipigia simu halmashauri, na dada mmoja mwenye sauti ya upole akanieleza kwamba mabomba ya chini yameoza na fungu la ukarabati limekwisha. Nikamshukuru. Kisha nikaenda supamaketi na binti yangu, nikachukua unga, vitunguu, nyanya na karatasi ya chooni. Keshia aliponipa bei nikamwambia, kwa Kiingereza changu kisichotetemeka, anitolee kodi. Nitailipa choo kikifunguliwa.

Keshia alikuwa mama wa makamo, Mlebanoni, miwani imemning'inia kifuani. Aliivaa, akanitazama. "Mpenzi," akasema, "hata mama yangu mzazi siwezi kumtolea."

"Mum, stop it, please," binti yangu akaninong'oneza, akinisihi niache. Kiswahili anakielewa chote, ila kinywani mwake hutoka Kiingereza. Foleni nyuma yetu ilikuwa inarefuka. Yule keshia, kwa huruma, akanionyesha risiti: unga hauna kodi, vitunguu havina, nyanya hazina. Chenye kodi katika kapu langu lote kilikuwa kimoja tu, karatasi ya chooni. Nililipa, maana nyumbani ilikuwa imekwisha. Lakini njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu, na binti yangu anatembea hatua kumi mbele ili watu wasijue tuko pamoja.

Aliyenifumbua macho ni shoga yangu Mkongo, anayekaa Doonside. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha choo kile kile kabla hakijafungwa, na kilipofungwa akapunguziwa siku za kazi. Alikuja Jumapili akitoka kanisani, tukamwekea chai na vitumbua, nikamsimulia ya supamaketi. Alicheka mpaka akashika meza.

"Dada, ulikosea mlango," akasema. "Ile taxe haiendake kwa council. Inaendaka kwanza Canberra. Canberra inagawia ma-State. Ikifika huku chini kwetu, inabakia kidogo tu. Boss wangu alituelezaka vile siku alitukata shift. Council yenyewe iko inaomba."

Niliweka kikombe chini. Kumbe ndilo jambo lenyewe. Sokoni kwetu, mkono uliopokea ushuru ndio uliotakiwa kuzibua choo, ndiyo maana ulipobanwa ulishtuka. Hapa mkono unaopokea ni wa serikali kuu, uko mbali sana na choo changu, na mkono ulio karibu na choo ni mtupu. Nilishamkasirikia yule dada wa simu bure. Sikumwomba radhi, lakini moyoni nilimsamehe.

Mama alikuwa kwenye kochi lake, macho ameyafumba, chai yake haijaguswa. Tulidhani amesinzia. "Basi mwenye haja na mwenye choo wakae pamoja," akasema bila kufumbua macho. "Wakamdai huyo wa juu."

Halmashauri hukutana jioni, na mkazi yeyote anaweza kuandikisha jina akapewa dakika tatu. Nilijiandikisha. Nilitoka kazini na sare yangu ya makao ya wazee, sikubadilisha, nikashuka treni nikaenda moja kwa moja. Shoga yangu alikuja kukaa nyuma yangu. Mbele yangu alizungumza bwana mmoja kuhusu mti wa jirani yake unaodondosha majani, na alizidisha dakika zake. Zamu yangu ilipofika, nilitoa mkobani bunda moja la karatasi ya chooni nikalisimamisha juu ya meza, hapo mbele ya madiwani. Wengine wakatabasamu. Nikawaacha watabasamu, kwa sababu mtu anayetabasamu husikiliza.

Niliwaambia hivi: nyanya ninazokula hazina kodi, lakini karatasi hii inayo, nami nimeilipa bila kukosa. Kodi yake imepanda mpaka Canberra, ikateremka mpaka kwenye jimbo, na kabla haijafika kwenye bustani yetu imeishiwa nguvu. Sikuja kuwagombeza. Nimekuja kuwaambia mwende mkadai fungu kubwa zaidi la kodi hii, mdai kwa sauti, na barua yenu mkiiandika nitatia saini, na mtaa wangu utatia saini. Lakini mama yangu hawezi kungoja barua. Nikawaomba jambo moja. Kesho kila mmoja wenu anywe chupa nzima ya maji, aende kwenye bustani ile, azunguke mara mbili, akae kwenye benchi aongee na watu. Kisha aniambie alifika wapi.

Hapo hakutabasamu mtu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila kubanwa na haja kila mtu amewahi kubanwa. Kengele ya dakika tatu ikalia, nikachukua karatasi yangu nikaenda kukaa.

Walipiga kura wote kwa pamoja kupeleka barua juu, serikali ya jimbo na serikali kuu, wadai mgao uongezwe. Kisha diwani mmoja mwanamke, mwenye mvi zilizokatwa fupi, akauliza bango jipya lililopangwa kuwekwa kwenye lango la bustani lina haraka gani. Likaahirishwa, na fungu lake likahamishiwa kwenye mabomba. Barua mpaka leo haijaleta kitu zaidi ya barua nyingine za kushukuru. Nazisoma zote. Mimi ni mtoto wa soko na nimeona ushuru ukibanwa mpaka ukazaa milango mipya, kwa hiyo hili la mgao sina wasiwasi nalo, litakuja, na wakichelewa nitarudi na karatasi yangu.

Asubuhi kufuli lilipotolewa, nilikuwa na zamu ya mchana. Nikamtoa mama. Alitembea polepole, amenishika mkono, raba zake zimekaa muda mrefu bila kuvaliwa. Mlangoni hakuniruhusu kuingia naye. Alikaa ndani kitambo, nikasikia maji yakivutwa, mara moja, kisha mara ya pili, na nina hakika ile ya pili ilikuwa ya kukagua kazi ya mafundi. Akatoka akikung'uta mikono.

Tulimaliza mzunguko wa kwanza, tukakaa kwenye benchi lake. Wale kina mama wa Kituruki walikuwa wanakuja kwa mbali, mmoja ameshaanza kupunga mkono. Mama akanyoosha kiganja kwangu bila kunitazama.

"Una maji ya kunywa?"

Nilikuwa nayo, chupa ya zamu yangu ya mchana. Aliifungua, akainywa palepale nje, taratibu, mpaka chini, akanirudishia tupu.