Kitana Kwenye Mkono wa Rula

Kinyozi huyu walimwita Rula, na jina hilo halikutokana na nywele. Alilipata kwenye meza ya pool, ambako kwa miaka kumi na minane mpira alioupiga ulikwenda pale pale alipotaka. Siri yake aliitoa bure: mkono uning'inie kutoka kwenye kiwiko, kifundo kinyooke, fimbo iende na kurudi yenyewe. Ukikunja kifundo kwa ndani hata kidogo, alisema, ncha ya fimbo inakwenda upande na mpira unakucheka.

Siku hizi ulimcheka yeye. Kutwa nzima kazi ilimtaka akunje kifundo, mashine ya kunyolea mkononi, akizunguka sikio la huyu na kisogo cha yule, hata mkunjo ukawa tabia. Alijua kosa lilipo kuliko mtu yeyote pale klabuni, na kujua huko hakukumsaidia chochote.

Mkewe ndiye aliyebuni dawa. Alimfunga kitana kirefu chini ya kifundo kwa kipande cha shuka, kikazuia mkono usikunjike. Wiki mbili Rula alifanya mazoezi hivyo, mipira ikaingia kama zamani, naye akaanza kutembea kifua mbele. Masikini, hakujaribu hata mara moja kucheza bila kitana.

Jumapili alasiri timu ya klabu ilikuwa na nafasi moja iliyobaki, na wa kuigombea walikuwa wawili: Rula na shemeji yake muuza nyama, kaka wa mkewe, ambaye alifundishwa mchezo na Rula mwenyewe. Nahodha alipoona kitambaa alikunja uso. Akasema mkononi hakufungwi kitu, sheria ni hiyo.

"Mwache acheze nacho," muuza nyama alisema. "Mimi sina neno."

"Mimi ninalo," nahodha akajibu.

Mke wa Rula alimfungua kitana. Hata hivyo Rula alijikongoja, mpira huu umeingia, ule umekosa, mpaka ukabaki mweusi peke yake, umenyooka na shimo la kona. Ni mpira ambao angeupiga huku akipiga soga. Aliinama. Akakiona kifundo kinaanza kukunjika, akakisihi moyoni kinyooke, nacho kikakunjika mbele ya macho yake. Mweusi uligonga ukingo na kusimama mdomoni mwa shimo.

Muuza nyama aliizunguka meza mara mbili akitafuta namna ya kukosa bila kuonekana. Hakuipata. Aliinama, kiwiko juu, kifundo kimenyooka kabisa, akautumbukiza.

"Umefundishwa vizuri," Rula alisema, akacheka kidogo. Moyo ulimuuma mno.

Kesho yake asubuhi mteja wa kwanza alikuwa shemeji yuyo huyo. Alikaa kitini akiwa mnyonge kuliko aliyeshindwa. Rula aliwasha mashine, na kifundo kikajikunja chenyewe bila kuombwa, kikalizunguka sikio, kikashuka kisogoni. Mstari ulitoka umenyooka, hauna doa.

Shemeji alijitazama kwenye kioo. Akasema taratibu, "Mkono wako haujawahi kukosea, shemeji."

Rula alimwambia ainamishe kichwa, ili asimwone usoni.