Nyanchera, Msomaji wa Egesangio

Wachumaji wa majani chai wako wengi duniani, lakini wa milima ya Manga ni wengine kabisa. Mchumaji wa Manga anapitisha vidole juu ya mchai, na kabla hujamaliza kupiga chafya, kikapu kimejaa. Nyanchera alikuwa hivyo kwa miaka ishirini na minne. Kisha asubuhi moja ya matope akateleza kwenye kijia cha kuteremkia mtoni, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, kikaunga upande kama mlango wa choo uliopigiliwa na shemeji mvivu.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana huku milimani mtu hachumi peke yake. Kuna egesangio, kundi la majirani wanaochuma kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Ukinipa mikono yako nami nakupa yangu. Asiye na mikono ya kutoa hapewi. Na Nyanchera alikuwa mjane, chai yake inakomaa shambani huku anaitazama.

"Mama Nyangate, mwezi huu tutakubeba," Ruth, kiongozi wa kundi, alimwambia Nyanchera kwa jina la mwanawe. "Mwezi ujao tutaona."

Nyanchera hakuzaliwa kubebwa. Siku ya pili akaja na kitabu. Alikiazima kwa mpangaji wake, Mwalimu Ochanda, kijana wa kutoka ziwani anayefundisha fizikia. Kilikuwa kitabu cha maisha ya Marie Curie, mwanamke wa Poland aliyekwenda Ufaransa akawa mwanafizikia wa kutajwa dunia nzima. Kimeandikwa kwa Kiingereza, naye Nyanchera aliishia kidato cha pili. Lakini kidato cha pili cha enzi hizo, siyo hiki cha siku hizi cha kubonyezabonyeza simu! Akasimama katikati ya mistari ya chai, sentensi inaingia kwa macho ikiwa Kiingereza, inatoka mdomoni ikiwa Kigusii.

"Na hiyo ndiyo kazi?" akauliza Onsongo, mwanamume pekee katika kundi. "Basi kesho na mimi naleta redio, nakaa."

"Redio yako haina betri tangu uchaguzi," Ruth akamjibu. "Soma, mama."

Akasoma jinsi yule mwanamke alivyofanya kazi kwenye banda linalovuja. Alikuwa akikoroga mawe meusi yaliyosagwa, tani kwa tani, kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake, karibu miaka minne.

"Alikuwa anapika nini?" akauliza Mokeira, mmoja wa wachumaji.

"Hapiki. Anatafuta kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona."

"Sasa alijuaje kiko?"

"Vipimo vilimwambia."

Onsongo akacheka. "Mke wangu akikoroga mawe miaka minne, namrudisha kwao."

"Amekukoroga wewe miaka thelathini," alisema Mokeira, "na hajapata kitu."

Jumanne ilikuwa zamu ya shamba la Mokeira. Walimaliza mapema, na lori la majani lingefika saa tisa. Kwa kawaida majani hutandazwa kivulini na kugeuzwageuzwa mpaka wakati wa mizani. Hata mtoto anajua. Lakini siku hiyo kitabu kilikuwa kimefika patamu. Wakayashindilia majani ndani ya magunia manne, wakayakalia, masikio yote kwa Nyanchera.

Akawasomea kuwa katika mawe yote yale Marie alipata kitu kidogo kama punje chache za chumvi. Kinaitwa radiamu, na gizani kinang'aa chenyewe. Hata madaftari yake mpaka leo yana hatari, yamefungiwa kwenye masanduku ya madini ya risasi. Na radiamu ina joto. Hakuna kuni, hakuna makaa, lakini joto linatoka tu. Kwa saa moja radiamu inaweza kuyeyusha barafu ya uzito sawa na wake.

"Barafu kama ile mvua ya mawe iliyotupiga Aprili?" akauliza Ruth.

"Hiyo hiyo."

"Ehe!" akasema Onsongo. Halafu Mokeira akaruka kama aliyekalia siafu. "Yesu wangu! Joto linatoka huku chini!"

Onsongo akatumbukiza mkono katika gunia mpaka kwapani, akautoa unafuka mvuke. Watu wazima saba, wote wamezaliwa kwenye chai, wakapanga foleni kuingiza mikono kana kwamba hawajawahi kuona gunia. Nyanchera naye akaingiza ule wake uliopinda. Joto hilo alilijua tangu utotoni. Ila hakuwahi hata siku moja kujiuliza: linatoka wapi, na hakuna aliyewasha moto?

Kisha akakumbuka. Majani yenye joto ni majani yaliyoharibika.

Kwenye kituo cha kupimia chai, karani aliyamwaga juu ya meza, mekundu kama matofali. "Haya mmeshayapika wenyewe. Rudisheni nyumbani."

Mokeira hakumtazama Nyanchera njia nzima.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Nyanchera. Jua lilipochomoza alikuwa shambani, anajaribu kuchuma kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amepata konzi mbili na machozi kidogo, aliposikia sauti ya Onsongo ikijisifu kijiani. Nyuma yake, kundi zima.

"Tuliketi kikao jana," Ruth alisema. "Kosa ni la makalio yetu, siyo la mdomo wako. Kutoka leo hakuna kukalia magunia. Zamu ya Mokeira tutairudia sote. Nawe usomaji ndio uchumaji wako."

"Lakini kwangu utasoma mpaka koo likauke," Mokeira akasema, tayari kikapu mgongoni.

Nyanchera akafungua kitabu. Mume wa Marie aligongwa na mkokoteni wa farasi siku ya mvua, akafa papo hapo. Nyanchera akaweka kidole kwenye mstari, akaendelea. Chuo kikuu kikampa mjane yule kazi ya mumewe ya kufundisha. Watu wakafurika kumsikiliza. Naye akaingia, akasimama, hakuhutubia kuhusu msiba wala kuhusu yeye mwenyewe. Alianza somo kwa sentensi ile ile aliyoishia mumewe kabla hajafa.

Mikono yote shambani ilisimama. Onsongo akavua kofia.

"Hakulia?" akauliza, taratibu.

"Kinasema alianza pale pale."

Ruth, ambaye kwa kawaida angewahimiza, akatua kikapu chini.

"Rudia hapo," alisema Mokeira.

Nyanchera akarudia.