Kaka yangu alivyofundishwa kupika na TV hapa Masoko, chumvi ikaingia mara tatu

Wakuu, za humu ndani. Ninayoandika nimeyaona kwa macho, na muhogo wenyewe nimeula. Anayetaka kubisha abishe, hata mimi hubisha kila kitu.

Shemeji yangu alipata nafasi ya chuo Lindi mjini, mwaka mzima. Mtoto wao Zuhura, miaka sita, akabaki na kaka yangu Hemedi, fundi pikipiki hapa Kilwa Masoko.

Hemedi hajui kuchemsha hata chai. Mtoto akala chipsi mayai wiki mbili mfululizo.

Bibi yake mzaa mama, Mama Somoe wa Kikole, akaja akamchukua. Akasema atamrudisha siku baba mtu atakapopika chakula, yeye akakila mwenyewe akaridhika.

Kaka alinywea. Akawa anafunga gereji mapema, anakaa barazani na viatu vya mtoto.

Mimi nikafanya utani. Kuna kipindi cha TV cha kubadilisha watu: wanakupakia nyumba rangi, wanakunyoa, wanakufundisha kupika. Nikamwandikisha. Sikutegemea jibu. Wakaja na magari mawili.

Nilijiandaa kucheka, lakini niseme haki: shefu wao alifundisha. Siku nne alimwonyesha kushika kisu, kukuna nazi, kutenga tui zito na jepesi, kulikoroga lisikatike. Na kila hatua alimwambia, "Onja, ndugu yangu. Usikisie."

Siku ya tano ndiyo ya kumkaribisha mkwe. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mwezi ukaandama. Ramadhani ya kwanza.

Chakula ni muhogo wa nazi, kwa ajili ya futari. Hemedi amefunga. Shefu amefunga. Mimi nimefunga (ndiyo, hata wabishi tunafunga). Mwongozaji wa kipindi hakufunga, ila kazi yake ni kutazama.

Nikashauri kaka aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, maana nimesikia mpishi anaruhusiwa. Jirani akanikumbusha kuwa digrii yangu ni ya sosholojia.

Hemedi akatia chumvi. Mwongozaji akasema mkono umeziba sufuria, rudia.

Akatia tena. Bodaboda ikapita na kelele zake. Rudia.

Akatia mara ya tatu, safari hii kwa mapozi.

Wakuu, tulikuwa watu tisa pale. Hakuna aliyewaza. Sote macho kwenye kamera.

Magharibi Mama Somoe akafika na Zuhura. Tukafungua kwa tende na uji, kisha akapakuliwa muhogo. Akatafuna. Machozi yakamlenga. Akaisogeza sahani taratibu. Zuhura akatema kiganjani.

Mwongozaji akasema safi sana, tumepata. Wakaanza kukunja nyaya.

Nilidhani kaka atawalaumu, na angekuwa na haki. Akaonja, akainama.

"Mama, nimeharibu," akamwambia mkwewe. "Naomba unisubiri."

Akarudi jikoni. Akamenya muhogo mwingine, akauchemsha bila chumvi, akakalia mbuzi ya nazi na kanzu mpya aliyovishwa na TV, akakuna. Kisha akauchanganya na ule wa kwanza kidogo kidogo, anaonja, anaongeza, anaonja. Mama Somoe alisimama mlangoni muda wote.

Zuhura alikula sahani mbili. Bibi akamaliza yake, akanawa.

"Mtoto nakuachia, baba. Na huyo mwalimu wako mwambie chumvi inatiwa mara moja."

Kipindi kimerushwa juzi. Sufuria ya pili haimo. Yamo machozi ya Mama Somoe, kinanda kinalia, na sauti inatuambia bibi alizidiwa na furaha.

Nilichojifunza: TV ilimfundisha kupika kweli, ikaondoka kabla hajaanza kupika. Kufuata mafunzo mbele ya taa ni kitu kimoja. Kuharibu mbele ya mkwe, ukarudi jikoni kurekebisha, hapo ndipo nilipoacha kumcheka.

Wapishi wa humu, mkiwa mmefunga chumvi mnaipimaje? Na wanaume mliojifunza kupika ukubwani, mkwe wa kwanza kuonja alisemaje?