Mtande wa Ijja

Ijja alisifika kijijini kwa mkono wake. Kitambaa alichofuma hakikupitisha upepo. Wachungaji waliolala mabondeni walitaka joho la Ijja, si la mwingine, na lile alilomfumia mumewe kwa singa za mbuzi lilimzidi umri: mume alizikwa nyuma ya ua, joho likabaki limetundikwa nyuma ya mlango. Ijja alizaliwa mlimani hapo hapo, na tangu usichana kitanda chake cha mfumi, kile cha kufumia nguo, hakikuwahi kukaa bila uzi.

Sasa birika la uani, lililokusanya mvua ya paa, lilikuwa na tope lililopasuka tu. Nyumba zilifungwa moja baada ya nyingine, watu wakateremkia mjini Agadir. Upande wa juu wa kijiji walibaki Ijja na jirani yake Yamna, mjane mwenzake, na ng'ombe wa Ijja aliyekonda hadi ungemwonea huruma. Kisha Hmad, mwanawe, akatuma neno: siku ya soko naja na gari, nakuchukua wewe, ng'ombe namuuza. Usibishane nami, mama.

Ijja aliwahi kukaa chumbani kwa Hmad huko mjini. Alikaa kitandani akitazama ukuta, akiogopa hata kukohoa. Kwake, kurudi huko kulikuwa sawa na kuzikwa mbali na kwao.

Kitu kimoja hakikuwa kimewasusa: ukungu. Kila asubuhi ulipanda kutoka baharini, ukalowesha nyusi za watu, kisha jua likautawanya na ardhi ikabaki kavu. Watu wa kijiji cha ng'ambo walikuwa wameutegea nyavu, matone yaliyonaswa yakakusanywa, wakapata maji ya bomba. Bomba halikufika kwa kina Ijja. Basi akatoa kitanda chake cha mfumi nje, akakisimamisha ukingoni, kikielekea bahari. Akatandika mtande, zile nyuzi za kusimama, akaanza kupitisha mshindio, uzi wa kulala, kuanzia chini. Karai akaliweka chini ya kitambaa.

"Shoga, unayafumia mawingu blanketi?" Yamna aliuliza.

"Cheka tu. Maji yakipatikana utakuja na mtungi kimyakimya."

"Nitakuja na mtungi na aibu yangu mkononi. Fuma, mama, fuma."

Asubuhi iliyofuata kitambaa kilijaa matone madogo kama punje za kuskusi. Kila tone lilikaa kwenye pembe pale nyuzi zinapokutana, likang'ang'ania. Ijja alikigonga kitambaa, akakitikisa, akakiomba. Karai lilikuwa kavu. Akaamini ukungu unapenya kwenye matundu, kama upepo unavyopenya kwenye joho la mfumaji mvivu. Akachukua kitana chake cha chuma, akashindilia mshindio kwa nguvu zake zote, hadi hata sindano isingepenya.

Mambo yakawa mabaya zaidi. Ukungu uligonga kitambaa ukapinda, ukapita pembeni. Unyevu kidogo ulioshika uliingia ndani ya singa na haukutoka mpaka jua lilipoukausha. Ng'ombe alikuja akakilamba kitambaa. Ijja akageuka asimwone.

Siku ya soko ikafika. Ukungu ulikuwa mzito, na Ijja alitoka nje na kisu na birika la chai lenye maji kidogo. Alikuwa amekata tamaa. Angekikata kitambaa, akikunje, aende nacho mjini. Lakini kwao kitambaa kilichoko kwenye mtande kina roho, na hakikatwi kabla ya kunyweshwa.

"Ijja! Hayo si ndiyo maji yako ya mwisho?" Yamna alipaza sauti.

"Ndiyo."

"Na unazimwagia singa za mbuzi?"

"Mama yangu hakukata kitambaa kikiwa na kiu. Nami sikati."

Akanyunyiza kuanzia juu, pale mtande ulipokuwa bado mtupu. Matone yakashika uzi, yakateleza, moja likameza jingine, likawa zito, likakimbia chini. Yalipofika palipofumwa yakasimama yote, yakatoweka.

Ijja akanyunyiza tena. Yakakimbia tena, yakasimama pale pale, kwenye mshindio. Akashika ncha ya mshindio akaanza kuuvuta.

"Usifumue!" Yamna alimkamata mkono. "Ukikikata kinakufa salama. Ukikifumua kikiwa hai kitakufa vibaya."

"Najua. Na mimi je, Yamna? Mimi nitakufaje?"

Yamna akamwachia mkono. Akaushika mshindio upande wake, akavuta naye.

Nyuzi zilibaki uchi katikati ya ukungu. Kisha karai likalia, ti. Likanyamaza. Ti.

Lakini jua lilikuwa limeshapanda. Hmad alipofika, ukungu ulikuwa umekwisha na maji yalifunika tu kitako cha karai.

"Mama, mizigo iko wapi? Na kitambaa?"

"Nimekiua. Tazama humo."

Hmad akainama. "Haya hata uso hayaoshi."

"Hayaoshi," Ijja alikubali. Akalisogeza karai kwa ng'ombe. Ng'ombe akayamaliza kwa mkupuo, akaendelea kulamba, karai likakwaruza mawe, na wote watatu wakawa wanausikiliza mkwaruzo huo.

"Mchukue," Ijja akasema.

"Na wewe?"

"Mimi kesho nitautandikia ukungu mtande mrefu zaidi."

"Ukungu usipokuja? Mama, unataka niitwe kuja kukuzika?"

Hmad alimpandisha ng'ombe garini kwa hasira, akafunga kamba, akawasha gari, akazima. Akashuka na dumu lake la maji ya safari, akaliweka mlangoni bila kumtazama. Kisha akaondoka.

Ijja alipekua kapu lake la singa. Hazikutosha mtande mrefu. Akaingia ndani, akafunga mlango ili aone nyuma yake, akalitungua joho la mumewe. Hakuwahi kufuma kitu kilichoshikana zaidi kuliko hicho. Akafungua tena mlango, akaketi kizingitini, akalilaza magotini, akaanza kutafuta ncha ya uzi.