Mama Povu Apata Mafua

Kwa miaka tele Mama Povu amelipwa kwa kutojua kufua. Ndiye yule anayelia redioni, "Jamani! Shati la baba watoto limeniaibisha!" Kisha sauti nzito ya kiume humshukia kutoka mbinguni: "Usihangaike, mama. Tumia sabuni yetu." Nyumbani kwake anayefua ni baba watoto mwenyewe, tena hataki mtu aguse beseni lake.

Mwenye sauti nzito tunamwita Mtaalamu. Ni kapera wa makamo, na mashati yake yote yamegeuka pinki kwa sababu ya soksi moja nyekundu. Lakini ana besi, na kwenye matangazo besi ni shahada. Maikrofoni ya studio hukaa usawa wa mdomo wake. Mama Povu hupandia kreti la soda.

Asubuhi moja ya kurekodi, Mama Povu aliamka na mafua, sauti inakwaruza kama mlango wa bati.

"Leo wananifukuza," alimwambia mumewe.

"Nenda tu, mke wangu. Wakikufukuza, nitakufundisha kufua."

Studioni, mwongozaji alishika kichwa. "Mke mwema gani huyu mwenye sauti ya dereva wa lori?" Na tangazo lilitakiwa hewani mchana huohuo, mwenye kiwanda cha sabuni keshakaa kitini anasubiri.

"Basi tubadilishane," alisema Mtaalamu. "Yeye ajue, mimi niulize."

Akauliza, na haki ya Mungu hakuigiza: "Jirani, mashati yangu yamekuwa pinki! Nifanyeje?"

Mama Povu akakohoa, akashuka kutoka mbinguni: "Tulia, baba. Nguo nyeupe zifue peke yake." Ni maneno anayoyasikia kwa mumewe kila Jumamosi. Mwenye kiwanda alicheka mpaka machozi, akaamuru lirushwe hivyohivyo.

Mama Povu alikuwa ameonja ujuzi, akanogewa. Balaa ni kwamba mafua hayana adabu, yakaanza kupona. Akanywa maji ya barafu, akaenda uwanjani kumzomea refa. Wapi! Sauti ikarudi nyembamba kama filimbi. Siku ya tangazo la pili akaingia studio miguu mizito, akalitafuta kreti lake la kulilia. Halipo.

"Nimelikalia," Mtaalamu alisema kutoka kona, karatasi ya maswali mkononi. Maikrofoni ilikuwa imeshushwa hadi usawa wa mdomo wa Mama Povu.

"Lakini sauti yangu imerudi, kaka."

"Si naisikia? Mwenye kiwanda kasema sabuni inatoka, hata makapera wenzangu wananunua. Na mimi kule juu sirudi ng'o! Miaka yote hiyo najua kila kitu, dada yangu. Kunachosha!"

Mwongozaji alimtazama mwenye kiwanda aliyekuwa kitini pake. Akawasha taa nyekundu.

Mama Povu akashusha pumzi ndefu mno hata mashine ikainasa, ikabidi waanze upya.