Lebo ya Celle

Fundi anayepunguza makoti ya mitumba pale Kayole haanzi na mabega wala mikono. Kwanza hugeuza ukosi asome lebo, maana mara nyingine imeshonwa jina la mji: Ulm, Bamberg, Görlitz. Hulitamka polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha humwandikia bintiye Mukami, muuguzi huko Ujerumani: “Mama, Ulm ni mji ama kijiji? Ni mbali na kwako Celle?” Zamani Mukami alimjibu kwa sauti, akicheka, akimsimulia mito na makanisa. Siku hizi hutuma kidole gumba tu. Fundi haachi kuuliza, kwa kuwa “umekula?” huisha upesi, lakini miji ya Ujerumani haiishi.

Jana lebo ikasema Celle. Alilivaa koti lile zito jua likiwaka, akafunga vifungo hadi kooni, akapiga simu ya video.

“Baba, na hilo koti?”

“Limetoka kwenu, mama! Celle!”

“Baba, Celle nilihama tangu Pasaka. Si nilikwambia?”

“Uliniambia, uliniambia,” fundi akadanganya. “Na huko uliko sasa, ni mji ama kijiji?”

Lakini Mukami alikuwa ameitwa kazini, na simu ikakatika.

Mteja aliyekuwa akingoja suruali yake akaushika mkono wa koti. “Fundi, hili unauza?”

Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na hakufungua hata kifungo.

“Hili lina mwenyewe.”