Gari Jeusi la Njia Panda

Miaka ile karibu magari yote yaliyoletwa gerejini kwetu yalikuwa meupe. Yalikuwa ya mashirika yaliyohudumia wakimbizi, yenye antena ndefu za redio mbele, na kazi yangu ilikuwa kuziba mikwaruzo na kupulizia rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Ufundi niliujifunza Mwanza. Nilirudi Ngara kwa sababu kazi ilikuwa imehamia huku, na kwa sababu mama yangu, aliyekuwa akilima Nyakisasa, alitaka nioe kabla hajafa. Alikuwa mzima kabisa. Ndivyo tu alivyozoea kusema.

Gereji ilikuwa njia panda, kando ya barabara kuu iendayo Biharamulo. Kila aliyetoka kambini kwenda sokoni au kutafuta kibarua alipita mbele yetu.

Siku gari jeusi lilipofika, sikujua kama ni jeusi. Lilikuwa na rangi ya udongo wetu tangu paa hadi magurudumu, na ubavuni lilikuwa limechanwachanwa na matawi. Dereva alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa sweta la kiume juu ya kitenge. Kwenye kiti cha nyuma alikaa bibi mmoja mzee amepakata redio isiyo na betri.

“Amahoro, fundi,” mwanamke alinisalimu kwa Kirundi.

Kirundi na Kihangaza ni ndugu, kwa hiyo nilimjibu kwa lugha ya nyumbani kwetu. Uso wake ulilegea kidogo. Aliniambia wametoka Muyinga, na kwamba waliuvuka mpaka kwa njia za mashambani, upande wa Bugarama, kwa kuogopa barabara kubwa. Bibi yule alikuwa mama mkwe wake. Mumewe aliwaambia watangulie na gari, yeye akarudi kumchukua mdogo wake shuleni. Tangu hapo hawajamwona.

“Nataka ling'ae,” alisema. “Kama lilivyokuwa likitoka mikononi mwake.”

Nilimwuliza kwa nini, maana watu waliofika na magari waliuza hata matairi.

“Nimekwenda kila mahali wanapoandikisha watu,” alisema. “Huko majina ni mengi kama majani, na mimi hakuna atakayenikumbuka sura. Lakini gari kama hili watu watalisema. Wakilisema sana, atasikia.”

Bosi wetu alikuwa mtu mgumu, lakini siku hiyo alilizunguka gari mara moja, akalipiga kofi boneti, akasema tuliweke mbele ya gereji, barabarani. Alisema litawavutia wateja. Nadhani alimwonea huruma akaona haya kusema.

Tulianza Jumamosi mchana, baada ya magari meupe kuondoka. Tuliliosha kwa maji ya kisimani mpaka maji yakaacha kutoka mekundu. Hapo ndipo tulipouona weusi wenyewe, na ulikuwa umekufa, umefifia kama sufuria iliyoachwa juani. Rangi nyeupe husamehe. Nyeusi haifichi hata alama ya kucha. Nilimwonyesha jinsi ya kuloweka msasa laini, ule wa maji, na kuusogeza kwa njia moja tu, taratibu, bila kuukandamiza, hadi mikwaruzo iishe na bodi nzima igeuke kijivu. Alipoona ule ukijivu alishtuka.

“Umeliharibu!”

“Subiri, mama.”

Nilimwita mama tangu siku ya kwanza, kama inavyofaa kumwita mke wa mtu. Sikuwahi kumwita vingine.

Baada ya msasa tukapaka dawa ya kusugulia na kuisugua kwa viganja vilivyofungwa flana, kipande kidogo kidogo, mpaka mikono ikaingia ganzi. Hatukuwa na mashine. Yeye alichukua upande wa dereva, mimi upande wa pili. Tulisogea pamoja, mlango kwa mlango, tukiongea juu ya paa. Alinieleza kwao, migomba iliyofika hadi dirishani, na jinsi mumewe alivyomfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira huku wachezaji wakikimbia huku na huku. Alicheka aliposimulia, kisha akauinamia tena mlango na kusugua kwa nguvu zaidi. Mimi nilimweleza Mwanza, na mama yangu anayekufa kila mwaka.

Kazi ile haikuwa ya wiki moja. Yeye alikuja karibu kila siku kutoka kambini pamoja na bibi, aliyekaa nyuma ya gereji akichambua maharage. Nami nilianza kunawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni asubuhi, kabla hata ya kuichafua. Wenzangu waliniona.

Jioni tuliyopaka nta ya mwisho na kuifuta, gari lilifunguka. Sina neno jingine. Weusi ulikuwa na kina, ungedhani ukitia mkono utalowa. Kilima cha ng'ambo kilikuwa mlangoni, na mawingu juu yake, na lori lililopita lilipita mara mbili, barabarani na mlangoni. Mwanamke akainama kujitazama. Mimi nilikuwa nyuma yake, na katika mlango ule tukaonekana wawili, vichwa vyetu karibu, kama watu waliopiga picha ya harusi. Tulitazamana mle ndani. Hakugeuka, nami sikugeuka. Kisha alipuliza pumzi juu ya rangi, sura zetu zikazibwa na ukungu, akaufuta kwa upindo wa kitenge na kwenda upande wa pili.

Bibi alikuwa ameona. Siku iliyofuata aliniita pale kwenye maharage yake.

“Mwanangu,” alisema, “anayechunga ng'ombe wa mwenzake asimpe jina jipya.”

“Nimekusikia, mama.”

“Najua umenisikia. Wewe una adabu. Ndiyo maana nakusemesha.”

Tangu siku hiyo gari likawa habari ya barabara. Wanawake waliokwenda sokoni walisimama kufunga vilemba vyao wakijitazama mlangoni. Wanaume walichana ndevu. Malori yalitutimulia vumbi tangu asubuhi, naye mwanamke alilifuta, na baada ya saa moja alilifuta tena. Kila dereva aliyesimama, mwanamke alimweleza mumewe alivyo: mrefu, ana pengo la jino la mbele, anatembea akiinamisha bega moja. Mvua za vuli zikaja zikaisha. Nyakati nyingine alikaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, akiitazama barabara, nami nilipulizia rangi nyeupe huku nikimtazama yeye.

Mwanamume yule alitokea mchana, siku ya soko. Alikuwa peku, koti limechanika begani, na lile bega lilikuwa limeinama. Alisimama nyuma ya gari, akaiona sura yake kwenye buti, akajishika mashavu kana kwamba anamgusa mtu mwingine. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

“Gari hili la nani?”

“La mama mmoja kutoka Muyinga.”

“Yuko hai?”

“Yuko hai. Amekwenda kununua chumvi.”

“Na mama yangu?”

“Yuko nyuma ya gereji. Mzima.”

Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Nilimpa maji. Aliniambia alikuwa Nyamahanga, akilima mashamba ya watu, mpaka dereva mmoja alipowasimulia juu ya gari la njia panda ambalo wanawake hujitazamia wakifunga vilemba. Alitembea kuja. Nilimwuliza juu ya mdogo wake. Akatikisa kichwa tu, akanywa tena. Nilipotaka kumwita bibi alinizuia, maana mama yake angeanza na swali hilohilo.

Tukakaa hivyo, mimi na yeye, tukingoja. Nilitamani duka la chumvi liwe mbali kidogo zaidi. Wakati huohuo nilitamani mwanamke yule awe amekwisha kurudi, nione uso wake utakavyokuwa. Nikauona. Alitokea barabarani, akasimama, chumvi ikamwagika, akakimbia. Bibi alisikia kilio akatoka mbio na ungo wa maharage mkononi. Niliingia ndani ya gereji, nikachukua msasa, nikaanza kusugua mlango mweupe ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Mume alikuja baadaye kunishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mtu mwema, na hilo halikunisaidia. Aliniomba nimwonyeshe ile kazi ya nta, nikamwonyesha. Gari likahamia kambini. Mwanamke hakuja tena gerejini, na sikumtegemea aje.

Walipopata njia ya kurudi kwao, walisimama njia panda kuniaga. Mume aliteremka. Bibi aliniombea kwa Mungu kupitia dirishani. Mwanamke alikuwa kwenye usukani.

“Urakoze, fundi,” alinishukuru.

“Safari njema, mama.”

Mume akapanda, mwanamke akatia gia. Gari likapinda kuelekea mpakani.

Mama yangu alifurahi mwaka uliofuata: nilioa binti wa Biharamulo, mcheshi na mchapakazi, na nampenda. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya gari jeusi la mteja muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, hata ya mlangoni. Alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Nilidhani atakasirika. Akauliza tu kama bibi yule mzee alifika kwao salama, akaikuta migomba ile ya dirishani.

Nikamwambia sijui. Hakuna aliyeniletea habari.